Majibu Niliyowafundisha Wanawake wa Kan-abong

Nyumbani kwa Bibi Sisang,
Kan-abong ya Juu,
Leyte Kusini.
11 Novemba.

Mpendwa mjukuu wangu Jovelyn,

Hivi una miguu au uliisahau huku? Meli inatoka Cebu kila siku. Watu wanapanda na magodoro, na majogoo ya kupigana, na makreti ya soda, na wote wanapata pa kukaa. Ila wewe na kimkoba chako cha vitabu ndio meli imejaa. Tangu mvua za Juni sijauona uso wako. Siku ya Marehemu imekuja na imepita. Kaburi la babu yako nimelipaka chokaa peke yangu, nimechuchumaa mpaka goti likalia kama mlango wa sakristia. Jirani yetu Kulasa akaniuliza mbele za watu, "Sisang, msomi wako yuko wapi?" Nikamwambia una homa. Kwa hiyo nimesema uongo juu ya kaburi la mume wangu, na dhambi hiyo tugawane.

Sasa nimeshakugombeza, nakusalimu. Hujambo, mama? Kile kikohozi kimekwisha? Unakula chakula cha watu, au bado unaishi kwa zile tambi za kumwagia maji ya moto? Shangazi yako Norberta namfahamu, nilimzaa mimi: anapika kana kwamba chumvi ni dawa ya panya. Usimwonee haya. Fungua kabati lake ule.

Mimi sijambo. Goti nimeshakueleza. Jino la nyuma limetoka lenyewe nikiwa natafuna hindi la kuchoma, wala sikulililia, lilikuwa linanitesa. Nguruwe amezaa, na vitoto ni vizuri isipokuwa kimoja kinachonyonya kwa fujo, nimekipa jina la mjomba wako. Minazi tuliyopanda huku juu imenifika kiunoni. Bati la nyumba limeshika, ingawa nyumba zenyewe bado zimepangwa kama mabanda ya kuku na jirani akipiga chafya mimi ndiye ninayemwambia afya.

Mwandiko huu ni wa Perlita. Wajua mimi na kalamu hatukuwahi kutambulishana. Nasema, naye anaandika, na nimemwapisha asinisafishie maneno. Kama nimesema "mjinga" aandike "mjinga". Ungeweza kuuliza kwa nini sikumwita binti wa mwalimu, ambaye mwandiko wake ni mzuri kama shanga. Subiri, utaona kwa nini.

Na kwa nini sikupiga simu? Kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Unacheka, nami nacheka, unasema "Bibi, upo?" nami nasema "nipo, nipo", halafu mtandao unakatika kabla sijasema nililotaka kusema, nami namshukuru Mungu kwa kuukata. Nimefanya hivyo tangu Septemba. Barua haikatiki.

Jovelyn, nimekukosea.

Ona, Perlita ameinua kalamu ananitazama. Andika, binti. Andika hivyohivyo.

Unakumbuka siku ulipokuja kunieleza unachosomea? Nilikuwa nakuna nazi barazani. Ukasema ni shahada ya uzamili, ya saikolojia ya jamii. Nikakuuliza hiyo ni nini kwa lugha ya watu. Ukaniambia kwamba wengine humchukua mgonjwa wa moyo mmoja mmoja wakamfungia chumbani na daktari, lakini nyinyi mnaamini mtu huumia pamoja na wenzake na hupona pamoja na wenzake, kwa hiyo mnakwenda kukaa nao pale walipo, mnasikiliza, mnaangalia nani anamtegemea nani. Nikakwambia, "Kwa hiyo wanakutoza ada ili ukasomee umbea?" Ukacheka mpaka ukakalia ganda la nazi. Lakini nilikuelewa. Nilikuelewa vizuri sana, na ndiyo maana kosa langu halina pa kujificha.

Ulisema utakuja kukaa na wanawake wa hapa, wale tuliotoka Kan-abong ya chini mto ulipoichukua, na maneno yetu ndiyo yatakuwa tasnifu yako, na walimu watayapima. Neno hilo la kupimwa ndilo lililoniingia. Nikaona watu wenye miwani wanamtazama mjukuu wangu, na nyuma yake tumekaa sisi, tumechanika, tunalia makamasi. Nikasema hapana. Mtoto huyu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Hatafelishwa na machozi ya majirani.

Kwa hiyo kabla hujafika niliwaita. Nilichinja yule kuku mweupe uliyekuja kumuulizia, nikakwambia ameibwa na paka. Hakuibwa. Tulimla sisi, tukifanya mazoezi.

Mazoezi, ndiyo. Kama tunavyofanya kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, kila mtu na mahali pake pa kuimba. Niliwakalisha barazani na mchuzi wao nikawafundisha. Jovelyn akiuliza mnalala vipi, semeni fofofo. Akiuliza kuhusu mto, semeni tumesamehe, ni kazi ya Mungu. Akiuliza moyo ukiwa mzito mnakwenda kwa nani, semeni...

Perlita, usinitazame hivyo. Najua. Naandikisha.

Semeni mnakwenda kwa Sisang.

Wakakubali wote. Hapa kwetu mtoto wa jirani akiwa na mtihani ni mtihani wa mtaa mzima, na mgeni hapewi sahani ya machozi. Hakuna aliyeona vibaya. Kulasa ndiye aliyetupa taabu, kwa sababu hawezi kushika neno kichwani. Nilimrudisha mara nyingi: "Kulasa, subiri kwanza uulizwe!" Na siku ya kikao chako, unakumbuka? Ulimwambia tu, "Habari za asubuhi, Bibi Kulasa," naye akakujibu, "Fofofo!" Sote tulikufa kwa kicheko, nawe ukacheka, ukaandika kwenye daftari lako kwamba wanawake wa hapa wana ucheshi.

Hapo ndipo nami nikulaumu kidogo, maana nawe una kosa lako dogo, na mimi sikukulea ili nikufichie makosa. Uliwasikia wote wanalala fofofo. Mtoto mwenye akili kama wewe! Hata nguruwe wangu hawalali sawasawa. Na mimi nilikuwa nimekaa pale mlangoni kila kikao, nimeshika pepeo langu, nikimtazama machoni kila anayefungua mdomo. Hukuniambia, "Bibi, nenda kafue." Uliona haya kunitoa. Ulikuwa na haraka, na unanipenda, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja mtu haoni.

Sasa nifike kwa Perlita, ambaye anaandika haya kwa mkono wake mwenyewe. Nilimuuliza kwanza. Nikamwambia, "Binti, nataka kumweleza Jovelyn habari yako, nimtafute nani aniandikie?" Akasema, "Habari ni yangu, nitaiandika mimi. Nikiona unaongopa nitasimama." Hajasimama bado.

Unamfahamu kama fundi cherehani wa pale bombani. Unajua alikuwa na mwana, Elmar, aliyekwenda na mto pamoja na nyumba. Unajua mumewe alikwenda Manila kutafuta kazi za ujenzi, na kwamba simu zake zimepungua. Jambo usilolijua ni ile sare.

Ulikuja kwake asubuhi moja, mimi nikiwa nyuma yako kama mkia. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na kaptura ya bluu na shati jeupe la shule, vidogo. Ukamuuliza Perlita, kwa upole, ni vya nani. Akafungua mdomo. Nilimuona akifungua mdomo, Jovelyn. Nami nikadakia, "Ni vya mpwa wake, anakuja kukaa naye mwezi ujao."

Hana mpwa. Ni sare ya Elmar. Ilikuwa kwa mama mkwe siku ile ya mto, imekwenda kupunguzwa kiuno, ndiyo maana ipo. Anaifua kila wiki. Anaianika, anaipiga pasi, anaikunja. Mtaa mzima tunaiona kwenye kamba na mtaa mzima tunapita tukizungumzia bei ya nazi kavu. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kuuliza, na mimi nikakujibia.

Perlita akaangalia chini, akasema, "Ndiyo, ya mpwa." Halafu ukamuuliza kama anaendelea vizuri, akasema amepona. Ukamshika mkono ukamwambia ana nguvu sana.

Nami nilirudi nyumbani nikijiona nimekuokoa.

Mwezi wa tisa ukanipigia simu ukiwa na furaha kama umechumbiwa. Ukasema msimamizi wako ameipenda tasnifu, kwamba hajawahi kuona jamii iliyojiponya kwa nguvu zake namna hii. Ukanisomea kipande kinachonihusu mimi. Eti mwanamke mzee asiyepita shule ambaye ndiye nguzo ya mtaa, ambaye wote humkimbilia mioyo inapolemewa. Uliniuliza, "Bibi, umependa?" Nikasema nimependa. Nilikuwa nimependa kweli, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nilimsimulia muuza samaki. Nilimsimulia padre.

Na sura ile niliipika mwenyewe, pamoja na yule kuku.

Halafu ukaongeza kwamba manispaa wameomba kuisoma kazi yako ukishaitetea mbele ya walimu mwezi wa kumi na mbili, ili waamue kama yule mama wa ustawi wa jamii, Marivic, aendelee kupanda huku kila Alhamisi au ahamishiwe kwenye mitaa yenye shida zaidi. Nilisikia, lakini sikutaka kusikia. Nikasema vizuri, vizuri, mtandao unakatika.

Sasa nikueleze kilichotokea Siku ya Marehemu, ambayo hukuja.

Makaburini palikuwa kama kawaida. Watu wamejaa, mikeka imetandazwa juu ya makaburi, redio zinashindana, watoto wanakusanya nta ya mishumaa wanaifinyanga mipira. Mimi nilikuwa na wali wa nazi na sukari, na kiazi kikuu cha rangi ya zambarau ambacho babu yako alikuwa akikiiba jikoni. Mara namuona Perlita anaingia langoni. Tangu mto, hajawahi kukanyaga pale. Angekwenda kwa nani? Elmar hakupatikana. Wenye wafu wasiopatikana huwasha mshumaa chini ya msalaba mkubwa wa katikati, na yeye hata hilo hakuwahi kulifanya. Nikafurahi. Nikasema, umeona, amepona.

Alikuwa na mfuko begani na panga la kupalilia. Akafika msalabani, akasogeza mishumaa ya watu taratibu, mmoja mmoja, bila kuuzima hata mmoja. Akapiga magoti, akaanza kuchimba.

Mlinzi wa makaburi akapiga kelele, "We mama! Hapo si shamba!" Hakugeuka. Kulasa naye, aliyekuwa karibu na sahani yake ya tambi, akasema, "Perlita, jamani, watu wanakula!" Hakugeuka. Watu wakapunguza redio. Na wewe unajua, likitokea jambo hapa wote hunitazama mimi. Basi nikaenda, na sahani yangu mkononi, nikijua la kusema kama ninavyojua siku zote.

Nikamwambia, "Perlita mwanangu, acha. Wewe umeshapona."

Akasema, "Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe ulisema. Mbele ya Jovelyn."

Akainua uso. Mikono yake ilikuwa na udongo na nta. Akasema, wala hakupaza sauti, "Wewe ndiye uliyesema, Bibi Sisang. Mimi nilirudia."

Nilisimama pale na wali wangu. Unanijua mimi, sikosi jibu. Nimewajibu maaskari, nimemjibu diwani, nilimjibu babu yako mpaka siku anakata roho. Safari hii nilishika sahani tu.

Akatoa sare mfukoni. Imepigwa pasi, imekunjwa, kola juu. Akaishika juu ya kile kishimo.

Nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Mimi pia nilirudia." Ni Kulasa. Kulasa wetu wa fofofo. Akaja akakaa kwenye ukingo wa kaburi, akaweka sahani chini, akasema mvua ikinyesha yeye havui nguo. Anavaa viatu, anakaa mlangoni na sufuria na rozari, anasubiri. Akasema, "Sijalala na mvua tangu mto. Nilitaka kumwambia yule mtoto, ila nilifundishwa neno jingine." Akalisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. Hilo ndilo lililonikata. Angenitukana ningepona haraka.

Wakaja wengine. Mmoja haogi mtoni. Mmoja humpiga mwanawe akichelewa kidogo tu kutoka shule, halafu hulia chooni. Walikaa pale chini ya msalaba wakaambiana, na watoto wao wakiwa hapohapo na mipira yao ya nta, na hakuna aliyenigeukia kuniuliza kama wamesema vizuri. Wote wale nilikuwa nawaona kila siku. Wote wale uliwaandika kwamba wananikimbilia mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kwangu na jambo hilo, Jovelyn. Wangekuja vipi? Mimi ndiye niliyewaambia wamepona.

Perlita hakuizika sare. Alikaa nayo mapajani, mwisho akafukia kishimo kitupu kwa kiganja, akarudisha mishumaa ya watu mahali pake. Nikamuuliza, na nadhani hilo ndilo swali la kwanza la kweli nililowahi kumuuliza, "Je, na hiyo?" Akasema, "Bado." Jana ilikuwa kwenye kamba tena.

Sasa nisikilize, na usinikatize ingawa hauko hapa. Usisimame mbele ya walimu wako na ile tasnifu. Isimamishe. Mwambie msimamizi wako kwamba bibi yako aliipika. Tumia neno hilohilo. Kama hataki kuamini, nitapanda meli mwenyewe na goti langu, nitamwambia ana kwa ana, na sitavaa vizuri. Najua utachelewa. Najua wenzako watavaa majoho yao nawe utakuwa umekaa nyuma, na shangazi yako Norberta ameshaanza kuwaambia watu wa kanisani tarehe. Lawama hiyo niachie mimi. Ukitaka kuninunia mwaka mzima, nuna. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila uje unitukanie hapa, na uwe umekula.

Lakini usiwapelekee manispaa karatasi inayosema Kan-abong imepona. Marivic ndiye mtu pekee ambaye Perlita hukaa naye, siku za Alhamisi. Hawaongei sana. Perlita anashona, Marivic anafungua mishono ya nguo kuukuu, basi. Nilikuwa nikiwapita nikisema mwanamke yule analipwa kwa kukaa. Sasa naona kwamba kukaa ndiyo kazi, na wewe uliniambia hivyo barazani, nikakuuliza kuhusu umbea.

Nanyanyuka kidogo kuangalia moto, mchuzi unaungua.

Dada Jovelyn, hapa ni mimi Perlita, Bibi yuko jikoni. Anajipakaza kosa lote na si haki. Nilipofundishwa jibu nilifurahi. Ni rahisi kuwa na jibu. Ulipouliza ile sare ni ya nani nilitaka kusema, na pia nilitaka nisiseme, na yeye alinichagulia, nikamshukuru siku ile. Nilianza kumchukia baadaye, na sasa naona nimepungukiwa hata na nguvu za kumchukia, maana kila asubuhi ananiletea uji, anauweka mlangoni anakimbia kama mwizi. Sijui kama unaruhusiwa kuanza upya. Ukiruhusiwa, mimi nitakaa nawe. Ila usiniulize kama nalala. Niulize Elmar alikuwa mtoto wa namna gani. Hakuna anayeniuliza hilo. Alikuwa mchokozi sana.

Nimerudi. Namuuliza Perlita mbona karatasi imejaa, ameandika nini muda wote huo, anasema ameandika jinsi ninavyokoroma. Anacheka. Sijamsikia akicheka siku nyingi, kwa hiyo hata kama amekuandikia nimekuibia, mwache.

Siombi uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Nilikupenda kwa ujinga, kama mtu anayemsukuma mtoto mbele ya foleni na kuwakanyaga wenziwe. Na wewe ulikuja kutaka kutusikia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijia hapa tangu mto, nami nikakupa kwaya. Kosa hilo naamka nalo, napika nalo, nalala nalo. Silali fofofo.

Nisalimie shangazi yako Norberta, mwambie tarehe imesogea na asinipigie simu kulia, sitapokea. Msalimie mumewe Isko, na lile tumbo lake. Msalimie mdogo wako Reynante, mwambie nywele zile nilizoona kwenye picha azikate kabla sijaja kuzikata kwa kisu cha nguruwe. Msalimie pia msimamizi wako. Mwambie simfahamu lakini naona haya mbele yake. Mama yako yuko shambani, anasema anakupenda na anataka dawa ya mgongo.

Mungu akushike mkono barabarani na kwenye ngazi za chuo hicho. Akupe walimu wenye subira kuliko mimi. Akikuchelewesha, akucheleweshe ukiwa umeshiba.

Na utakapokuja, na uje kabla ya Krismasi, nisikilize vizuri. Ukishuka kwenye pikipiki pale njiapanda, usije kwangu. Usiuchukue mkono wangu kuugusisha paji la uso wako kama adabu yetu ilivyo, usiniite, hata ukiniona nimesimama nje nimenyoosha shingo kama bata. Nipite. Nenda kwa Perlita kwanza, ingia, kaa, kula atakachokupa, na usitoke mpaka amalize yake ya kusema. Mimi nitakuwa nyumbani, na mlango nitaufunga.

Ni mimi bibi yako ninayekupenda hata ukininunia,

Basilisa, ndiye Sisang
(kwa mkono wa Perlita)